Duara la Mwalimu Félicien

Salama binti Alfani alipelekwa shule kwa sababu moja tu: shule mpya ya serikali pale Albertville, mji ambao leo ni Kalemie, haikudai mtoto abatizwe kwanza. Baba yake, Papa Alfani, muuza ndagala, dagaa wa ziwani wa kukausha, alikuwa ameapa kwamba mmoja katika nyumba yake atajua kusoma. Wavulana wake walikwisha kufa kwa surua. Akabaki huyo.

Darasani Salama aliketi na Monique, binti wa fundi wa reli. Walikula pamoja, wakasukana nywele, na Monique ndiye aliyemfundisha Kifaransa cha kuombea ruhusa ya kutoka.

Walipofika darasa la tano wakaanza somo la umeme. Mwalimu Félicien, kijana nadhifu wa sauti ya chini, aliwaonyesha betri ya tochi, waya mbili na balbu. Umeme, alisema, hutoka upande mmoja wa betri, hupita kwenye balbu, hurudi upande wa pili. Njia ikikatika popote, balbu huzimika.

Siku iliyofuata akaleta simu kuukuu iliyotupwa stesheni, ile ya kuzungusha kwa mkono. Ndani yake mna mashine inayozaa umeme. Akawapanga watoto duara, wameshikana mikono, wa kwanza na wa mwisho wameshika waya. Akazungusha. Mikono ikashtuka, wengine wakacheka, wengine wakalia. Salama alihisi kama siafu wanamng'ata mpaka viwikoni, akauachia mkono wa Monique. Papo hapo wote wakapona.

"Mumeona?" Mwalimu akasema kwa upole. "Njia imekatika. Nani ameikata?"

"Mimi njo niliachia, Mwalimu."

Akamwita mbele, akampa waya zote mbili, moja kila mkono. Akaeleza kwamba watu wengi wakipangwa katika njia moja, kila mmoja huuzuia umeme kwa kiasi chake. Akibaki mmoja, kizuizi hupungua na umeme hupita kwa wingi. Kisha akamwambia Monique azungushe mpaka aambiwe basi.

Monique akazungusha. Vidole vya Salama vilijikunja juu ya waya, vikakataa kufunguka. Akajikojolea. Mwalimu akasema basi. Lakini darasa lilikuwa linacheka, na Monique, akiwatazama wenzake, akaendelea, tena kwa kasi zaidi.

Kesho yake Papa Alfani alikwenda kushitaki. Mkurugenzi wa shule, Mbelgiji, hakumkaribisha kiti. Alisema lile lilikuwa somo, na mtoto asiyetaka kufundishwa aondoke. Alfani akaogopa kuipoteza nafasi. Alimrudisha binti yake, akamwamuru apige magoti mbele ya darasa na kuomba msamaha. Salama akaomba. Mwalimu akamsamehe.

Mwisho wa mwaka, kwenye mtihani, alichora njia ya umeme bila kosa, akawa wa pili. Kisha akakataa kurudi shule, na fimbo za baba hazikumrudisha. Haukupita muda akaozwa.

Siku ya arusi Monique alikuja na kitenge, akaketi karibu naye mkekani. "Mimi niliambiwa tu nizungushe," akasema.

"Na uliambiwa basi."

Monique akakiweka kitenge chini, akaondoka kabla ya chakula. Shangazi mtu akauliza kile kitenge ni cha nani. Salama akamwambia akichukue.