Siku Niliposingizia Tumbo

Sisi wa chuo cha ualimu tuna ugonjwa mmoja: kushauri watu. Likizo hii mwalimu wangu wa zamani aliniita nikaongee na vijana wa shule yake.

Asubuhi nilitembea kutoka Kericho na karani wa shamba la chai, mimi na viatu vyangu vipya, tukijivuna. Mara nikamwona mama kwa mbali. Alikuwa anakuja kunipokea, amevaa ngozi, amebeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Karani ajue huyu ndiye mama yangu? Nikaruka katikati ya michai, nikachutama mpaka mama akapita.

Darasani nikapaza sauti: "Ningekutana na mimi wa zamani, ningemwambia usimwonee haya mama yako!"

Wakapiga makofi. Kumbe mama alikuwa mlangoni na kibuyu chake.

"Mwanangu, tumbo limetulia?" akauliza mbele ya wote. "Nilikuona asubuhi umechutama kwenye chai. Nikapita haraka nisikuaibishe."

Darasa zima likanigeukia. Aibu zilikuwa mbili, na ilibidi nichague moja.

"Limetulia, mama," nikajibu. "Nilikuwa naharisha."