Matundu Matatu Tumboni kwa Mama

Mimi simwamini mtu anayecheka huku anataka kumpasua mama yangu. Yule daktari alikuwa anacheka. Alikuja Tabora na kambi ya madaktari bingwa, wiki moja tu halafu wanaondoka, nami nikajisemea moyoni: hawa wamepata wa kujifunzia.

Mama alikuwa anatoa damu chooni. Walipompitisha kamera kwa nyuma waliona kinyama kimeota ndani ya utumbo mpana. Kikiachwa, walisema, kinaweza kugeuka saratani, kama hakijageuka tayari. Tena kilikuwa bapa, kimejibanza nyuma ya kikunjo cha utumbo; kukikata kwa kamera peke yake kungeweza kuutoboa. Daktari wa kwanza alitaka kuondoa kipande cha utumbo. Huyu mcheshi akasema hapana, tutaingia wawili.

"Wawili kivipi, daktari?"

"Mwenzangu atapita na kamera kwa nyuma. Mimi nitapita tumboni, matundu matatu madogo. Nitausukuma utumbo kwa nje ili kinyama kijitokeze, yeye akikate. Nikiona umetoboka, naushona papo hapo."

"Na mkishindwa?"

"Hapo itabidi tukate kipande."

Ahaa! Mama atakuwa kalala fofofo, nani atajua kama walijaribu? Ataamka na mfuko wa kukusanyia haja kubwa ubavuni, sisi tuambiwe imeshindikana. Mama mwenyewe aliketi, mikono mapajani. Ni mkulima wa kijijini kwetu Ntalikwa, muumini wa Kanisa la Moravian. Akishasema "Mungu yupo," mjadala umekwisha. Akasema Mungu yupo, akakubali.

Kwetu, anayesubiri nje ya chumba cha upasuaji ana kazi moja: kukiona kilichotolewa. Baba alipotolewa uvimbe tuliletewa kwenye beseni, ukoo mzima tukainama kuukagua, shangazi akauliza kama una mizizi. Basi nikasubiri. Mama mdogo, mdogo wake mama anayeishi Ziba, hakuniacha nipumue kwa simu. "Nyama umeiona?"

Daktari akatoka na kichupa. Ndani kinaelea kitu chembamba, kama ngozi ya kuku.

"Ndiyo hiki tu?"

"Ndiyo hiki. Utumbo hatujaukata. Kinakwenda maabara."

Nilipomsimulia mama mdogo, akaguna. "We mtoto, usidanganywe. Wamefungua, wamekuta mambo yameshaharibika, wakafunga."

Wapo watu kwetu waliofunguliwa wakafungwa hivyo hivyo, wakaambiwa warudi nyumbani wale wanachopenda.

Mama alipozinduka aliingiza mkono ndani ya khanga, akapapasa. Plasta tatu ndogo. Akanitazama.

"Kidonda kiko wapi?"

"Hakuna kidonda, mama."

"Haya," akasema, akageukia ukutani. Nikadhani ni dawa ya usingizi. Daktari alipokuja kumweleza, na kicheko chake kile kile, mama akamjibu kwa adabu, "Asante, baba," na hakuuliza neno.

Tukarudi Ntalikwa. Majibu yakachelewa, nami nikazidi kuwashuku wote: daktari, maabara, hata kile kichupa. Simu ikilia nairukia. Mama hakuwahi kuyataja majibu. Akipigiwa shikamoo aliitikia marahaba, alichambua karanga zake uani, ametulia mno. Nilihisi ana maumivu ananificha, na nilikasirika kwelikweli.

Mwishowe niliitwa hospitali. Daktari wa zamu akaniambia hakina saratani, na kimetoka chote. Nilimrudishia swali lile lile mpaka akachoka na mimi. Nikapanda bodaboda, nikafika nyumbani ninalia, nikamwambia mama yote kwa pumzi moja.

Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Kwa hiyo sifi?"

"Hufi, mama. Si kwa hili."

Akajifuta macho kwa pindo la khanga. "Sasa mbona wodini hukuniambia?"

"Nilikwambia!"

"Uliniambia hakuna kidonda. Nikajua basi, wamechungulia tu, wameona nimeshaharibika, wakafunga. Nikakuaga, mwanangu. Hukusikia tu."

Nikajaribu kukumbuka ni siku gani aliniaga, na kwa neno gani. Mpaka leo sijui.