Mwalimu wa Kuteleza

Kila nikirudi likizo kijijini Kewanja, baba huwatangazia wazee wa rika lake kwamba mwanawe ni mwalimu Ulaya. Somo hataji. Tukibaki wawili, ualimu unaisha, narudi kuwa "we mura", kijana tu kama vijana wengine.

Ukweli ni kwamba nafundisha watu kuteleza kwenye theluji, mbao mbili zimefungwa miguuni. Kule nilifika kuosha vyombo katika hoteli ya mlimani. Siku moja ya mapumziko nikaazima zile mbao, nikashuka bila kuvunjika, nikagundua kazi hii naijua tangu utotoni. Mteremko huu huu wa nyumbani tulikuwa tunaushuka kila mvua ikinyesha, tumekalia madumu ya mafuta tuliyoyapasua, na chini anatusubiri mama na fimbo kwa ajili ya kaptula za shule.

Baba nilimweleza yote. Akasikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mzungu anakulipa umfundishe kuanguka."

"Kuanguka ni somo la kwanza tu, baba."

"Mimi nilijua bila shule."

Nilicheka, lakini iliniuma. Nilitamani aniite mwalimu hata siku moja, pasipo watu wa kumsikia.

Likizo iliyopita alichinja mbuzi, wenzake wakaja. Mmoja akauliza nafundisha somo gani hasa. Baba akawahi: "Fizikia." Mimi nikainamia mchuzi.

Mara mvua ikashuka. Ilipokatika, njia ya kwenda barabarani ilikuwa utelezi mtupu, na hakuna bodaboda aliyekubali kupanda. Mzee wa kwanza akajaribu, akajiegemeza nyuma kama afanyavyo kila mwoga, akamaliza safari kwa makalio kwenye migomba.

Uvumilivu ukanishinda. Nikasimama mbele yao, nikatoa sauti ya kazini: "Visigino mbali, vidole vikaribiane! Kunjeni magoti! Egemeeni mbele!"

Baba akanikata jicho. Fizikia yake ilikuwa inaharibika mchana kweupe. Lakini wenzake wakaanza kushuka mmoja mmoja na mabuti yao, makalio nje, midomo imekazwa, na wote wakafika wima. Yule wa migombani, tope hadi kwenye kofia, akasema fizikia ni somo zuri, wao walifundishwa kilimo tu.

Baba alishuka wa mwisho, kuwasindikiza. Mkono wangu aliukataa. Akafika chini salama, akawaaga wenzake kama mtu aliyeshinda udiwani.

Wakaondoka. Tukabaki wawili barabarani, nyumba iko kule juu. Akautazama mteremko, akatazama mabuti yake, kisha akaninyooshea mkono.

"Mwalimu," akasema, "na kupanda je?"