Nywele za Brashi ya Mama

Brashi mpya ya kusafishia iliyotengenezwa kwa nywele ikiloweshwa mara ya kwanza hutoa harufu ya mnyama aliyenyeshewa. Mama aliinusa uani kwetu Nkuhungu, tulikokuwa tukiishi wawili tu, akakunja uso. Alikuwa akisafisha vioo vya ofisi za ghorofa mjini, na msimamizi wake, Bwana Mbogoni, alikuwa amezichoka brashi za nailoni. Vumbi la Dodoma likishapata manyunyu hugandia kioo, na nailoni zile zilikuwa zinateleza tu juu yake. Nywele halisi hushika maji na kulikwangua. Hilo Mama hakulibishia. Alichotaka kujua ni kimoja: nywele za mnyama gani?

"Za farasi, mama," msimamizi alimjibu huku anacheka. Kicheko kile ndicho kilichoharibu kila kitu. "Farasi gani anamchekesha mtu hivyo?" Mama aliniuliza. Alichomoa unywele mmoja akauchoma kwa kiberiti. Ukanuka nywele, basi, wala haukumtaja mwenyewe. Wiki nzima brashi ililala nje juu ya tofali, mbali na ndoo ya kutawadhia, na Mama akawa anamshuku kila mtu, hata jirani aliyethubutu kusema Mbogoni ni mtu mwema. "Nikijua ni za nguruwe, namrudishia brashi yake na kazi yake. Tunarudi Kondoa kulima." Nami nilikuwa darasa la sita, na ile shule ya mjini niliipenda mno.

Jumamosi akaja na boksi la brashi aliloliokota stoo, limejaa Kiingereza kitupu. "Haya, msomi wangu, soma." Nikasoma kimyakimya. Nguruwe, waziwazi kabisa. Nikasema, "Farasi." Mama akashusha pumzi. "Alhamdulillahi! Maskini Mbogoni, nimemsingizia bure." Akaingia ndani kuswali. Mimi nikalichanachana boksi, nikalitia motoni chini ya sufuria ya maharage, huku naona haya hata kutazama mlangoni.

Siku hizi mji umejaa vioo, na mimi ndiye ninayewachagulia wasafishaji wangu brashi. Nanunua nailoni tu, hizi za kisasa zenye ncha zilizopasuliwa, zinazokwangua vizuri. Wenzangu wanadhani napenda vitu vipya. Zamani nilimshangaa Mama kwa shaka zake, sasa kila muuzaji anayecheka namtazama mara mbili. Mama amezeeka, naishi naye. Juzi mfamasia alimweleza dawa zake za presha mara mbili, akaitikia kwa adabu zote, kisha akafika nyumbani akanikabidhi boksi.

"Hebu nisomee wewe, mwanangu," akasema. "Hawa watu siwaamini."