Tyubu Ndani ya Singo ya Bi Mwanarusi

Saa mbili asubuhi, Mtongwe, Likoni. Bi Mwanarusi Faki, 54, amekaa kwenye kigoda uani kwake. Anasugua kipande cha liwa, mti wenye harufu nzuri, juu ya jiwe, anadondoshea marashi, anasugua tena. Pembeni ameweka manjano, karafuu zilizotwangwa na mrihani mkavu. Vyote vikichanganywa huwa singo, na kwa miaka ishirini na sita amewasinga nayo maharusi.

Mama mmoja anapiga hodi. Binti yake anaolewa wiki ijayo.

"Bi Rusi, nataka ile ya siku saba. Ile aliyopakwa Salha."

"Sina tena, mwanangu. Nina hii ya liwa tu."

"Ala! Binti wa Mwanatabu ang'are, wangu atoke kama sufuria ya msibani? Haya, ringa!"

Mama anaondoka. Bi Mwanarusi hainui uso.

Ile ya siku saba ilikuwa na siri. Liwa hutaka siku arobaini, na maharusi wa siku hizi huja wamechelewa. Miaka mitatu iliyopita alinunua dukani krimu ya steroidi, ile ya kutuliza mwasho, kwa shilingi mia na hamsini. Akaikamulia kibakulini huku amewapa watu mgongo.

"Vipele vilikauka kwa siku tatu," anasema. "Nikasifiwa hadi Kisauni. Nami nikanyamaza, nikala sifa."

Salha, binti wa jirani yake Mwanatabu, aliipenda singo hiyo hata akaondoka na makopo yake kwenda nayo kwa mumewe. Alijipaka usoni miezi mitano. Alipoacha, uso uliwaka, ukavimba, na vishipa vyekundu vikajitokeza mashavuni.

Mwezi uliopita Bi Mwanarusi alikwenda peke yake kwa Kahindi, daktari wa ngozi, na tyubu mkobani.

"Dawa hii ni ndugu ya homoni ambayo mwili hujitengenezea," Kahindi anaeleza. "Ndani ya chembe za ngozi mna vipokezi vinavyoipokea. Ikiingia, uvimbe hutulia. Lakini ikiingia kila siku, vipokezi hivyo hivyo huiamuru ngozi iache kujijenga. Huwa nyembamba. Ukiikatiza ghafla, uvimbe hurudi kwa hasira."

Akamwambia pia kwamba anayemtibu Salha lazima ajue alichopakwa.

Salha mpaka leo hajui. Kwao wanasema ni jicho la husuda. Siku ya harusi, jirani mwingine, Mastura, alimtazama bibi harusi akasema, "Uso huu utaua watu!" Hakusema mashallah. Uso ulipoharibika, Mwanatabu aliuliza mbele ya wanawake, "Bi Rusi, si jicho hili?"

"Nikajibu, 'Huenda,'" anasema, akijifunika mdomo kwa ncha ya leso. "Wallahi, naona haya hata kulitamka. Tangu siku hiyo Mastura haalikwi shughulini. Akitoa salamu, wanatazama pembeni. Nami hutazama pembeni pamoja nao."

Ijumaa hii baada ya alasiri, inshallah, amepanga kwenda kwa Mwanatabu na Salha, na tyubu mkononi. Lakini kwanza atapita kwa Mastura, amwombe waende pamoja, ili ayasikie yakisemwa mbele ya watu.

Na Mastura akimfungia mlango?

"Nitayasema hapo hapo barazani," anasema. "Kwa sauti, majirani wasikie."