Mchezo Ambao Mama Hakuuona

Mwezi uliopita nilikwenda kutazama maigizo katika hoteli moja hapa Karatu. Viti vyote vilikaliwa na watalii. Mhudumu aliniwahi mlangoni, tiketi ikiwa mkononi mwangu. "Dada, wasanii wanapitia nyuma."

Nikakumbuka alasiri niliyoigiza mimi, nikiwa darasa la nne, mwalimu alipotupeleka na wenzangu kwenye bustani ya hoteli iliyonukia kahawa na majani yaliyotoka kukatwa. Niliigiza mama mkali, nimejifunga kitenge cha mama yangu mwenyewe. Wazungu walicheka hata pale nilipolia, nami nikadhani nimewaweza.

Mama alikuwa ametembea kutoka kijijini kwetu Daa kuja kuniona, lakini alibaki nje ya uzio pamoja na shangazi. Nilidhani anaona haya kwa sababu ya vumbi la miguuni. Nilikuwa mtu mzima shangazi aliponieleza kwamba mlinzi aliwazuia: "Humu ni wageni tu, mama. Mtoto utamwona akitoka."

Tulipokuwa tunarudi nyumbani, mama alinitania. "Nasikia umeigiza mama mkali. Mkali kama nani?"

"Kama wewe!"

Akacheka, akasimama kando ya shamba la mahindi. "Hebu nionyeshe kidogo. Hapa hakuna wa kutuzuia."

"Nimechoka, mama. Utaona siku nyingine."

Mwalimu alitupeleka kuigiza mara nyingi baada ya hapo, kila mara hotelini, kila mara mbele ya wageni. Mama hakuja tena, wala hakuniomba tena nimwonyeshe.