Nukta Nyekundu za Fundi Vimba

Mimi ni mshonaji, na kwa miaka ishirini na miwili nimegawana chumba kimoja na fundi redio tunayemwita Vimba. Jina hilo alijipatia kwa mdomo wake. Mletee hata redio iliyotumbukia kisimani, atafungua mfuniko, atachungulia, atatikisa kichwa: "Kapasita imevimba." Kapasita ni kile kikopo kidogo kinachotunza umeme ndani ya mashine, na kikizeeka huvimba kweli, kwa hiyo mara nyingi hakosei. Ndiyo maana ana maringo.

Mwezi ule maringo yaliingia mashakani. Mara mbili alimkabidhi mteja redio ya mteja mwingine. Binti yake akaja, akaona amplifaya kuukuu yenye kasha la mbao iliyoletwa asubuhi ile, akamwambia mbele yangu, "Baba, tengeneza hii. Ikikushinda tunafunga duka, unapumzika nyumbani."

Mzee akacheka. "Hii? Hii nitaitengeneza nimefumba macho."

Alipoifungua kicheko kikaisha. Kulikuwa na mtu aliyezikwangua kapasita zote kwa wembe, namba hazisomeki. Mafundi wenye choyo hufanya hivyo, ili mwenzao akifungua asijue kimewekwa nini. Kilichobaki juu ya kila moja ni nukta nyekundu, ndogo kama punje ya mtama.

"Mshenzi gani huyu?" akasema. Kisha akatulia. "Haya, nyekundu ni mbili."

Kwenye vifaa vya zamani rangi zilisimama badala ya namba, hilo hata mimi nimelijua kwa kulisikia kila siku. Lakini mbili nini? Ya kwanza mbili, ya pili mbili, ya tatu mbili. Iliyonenepa kama dole gumba, mbili. Iliyokonda kama njiti, nayo mbili. Akazipima kwa mita. Mita ikamjibu hivi asubuhi na vingine mchana, maana kapasita iliyochoka hudanganya. Siku ya pili akabahatisha, akalehemu mpya, akawasha. Paa! Chumba kikajaa moshi, na suruali ya mteja wangu ikanuka samaki waliooza.

"Wewe ni fundi au mpiga ramli?" nikafoka.

Siku nyingine angenitukana mpaka nicheke. Siku hiyo aliinama tu, na hapo ndipo nilipoogopa. Alikaa akiigeuzageuza kapasita moja ya zamani yenye nukta chini ya taa.

"Mwenzangu," akasema mwishowe, "aliyefanya hivi alikuwa na sababu yake. Mimi simwelewi kabisa."

Siku ya tatu mkewe alileta chai. Akaweka chupa mezani, akainama, akacheka. "He! Rangi yangu ya kucha!"

"Ya kucha?"

"Si uliniomba mwenyewe, wiki ile tuliyooana? Ulisema unakwangua maandishi yote, unabakiza namba tu, unaifunika kwa rangi ili wewe peke yako ujue pa kuchungulia. Nikakushikia taa."

Fundi akamtazama kwa adabu, vile anavyomtazama mteja anayemweleza ubovu usiokuwepo. "Mimi?"

Kicheko kikamkauka shemeji. Akaniangalia, nikakwepa macho yake. Akavuta kiti, akaibandua nukta ya kwanza kwa ukucha. Ikatoka kama gamba, na chini yake namba ilikuwa safi kabisa. Akazisoma moja baada ya nyingine, mzee akaziandika kwenye kipande cha karatasi ya kukatia nguo nilichompa.

Ijumaa amplifaya iliimba, wala haikuunguruma. Mkono wa mzee kwenye lehemu haukutetemeka hata kidogo. Ukimpa namba, kazi anaijua. Binti akaja, akasikiliza wimbo mpaka mwisho, kisha akanivuta pembeni.

"Mjomba, niambie kweli. Kaifanya peke yake?"

Nilimwona shemeji kule mezani ameshika kikombe, hanywi.

"Peke yake," nikasema. "Nilikuwa hapahapa."

Akanishukuru, akambusu baba yake, akaondoka akiwa na furaha. Mimi nilibaki na aibu. Sikujua kama nimemwokoa rafiki yangu au nimemharibia, na mpaka leo sijui. Duka liko wazi. Shemeji ana kiti chake pale mezani, na redio za watu zinarudi kwa wenyewe.

Ila jioni ya Ijumaa ile, binti alipokwisha kwenda, mzee aliokota gamba moja jekundu mezani akaliinua kwenye mwanga. "Mama," akamwuliza mkewe, "hiki chekundu ni nini?"

Akamweleza yote upya: wembe, rangi ya kucha, wiki ya ndoa, taa aliyoishika. Mzee alisikiliza kwa makini, uso ukamchangamka.

"Kijana mwerevu sana huyo," akasema. "Alikuwa nani?"

Nikakanyaga cherehani kwa nguvu, na sindano haikuwa na uzi.